Mgawa Namba

Tulimwita Mgawa Namba, na hata baada ya serikali kumstaafisha na mitambo yake ya simu kung'olewa ikabebwa kwenye gari la mchanga, jina hilo halikung'oka. Jina alilopewa na wazee wake limo kwenye kitambulisho, nami nimelisoma mara mbili, maana kazi yangu ni kusajili laini za simu kwenye kibanda karibu na soko la Chake, na kazi hii ukisoma jina mara moja umeshakosea. Lakini sijapata kumsikia mtu akilitumia. Hata mkewe, Mungu amrehemu, chakula kikiwa tayari alikuwa akituma ujumbe barazani: "Kamwambieni Mgawa Namba wali unapoa."

Yeye naye hakuwa akituita kwa majina. Alikuwa akipita kibandani kwangu asubuhi, kanzu imekunjwa kiunoni kwa ajili ya matope, na salamu yake ilikuwa, "Sita sita tatu, hujambo?" Hizo ni tarakimu tatu za mwisho za namba yangu. Muuza samaki wa upande wa pili alikuwa Sifuri Nane Moja. Imamu wa msikiti wetu alikuwa Shehe Nne Nne Tisa, na hakuchukia. Mtu asiyekuwa na simu alimwita "ndugu yangu", kwa sauti ya huruma, kama unavyomwita mgonjwa.

Namwandika kwa sababu ya namba moja. Ina tarakimu kumi. Ndiyo namba pekee ambayo bintiye, aliyeko Arabuni akifanya kazi katika majumba ya watu, ameihifadhi kichwani. Mimi na Mgawa Namba tuliipoteza namba hiyo mchana kweupe, wote wawili tukiwa macho, na kila mmoja akiamini kuwa anailinda.

Lakini nitafika huko. Kwanza mjue ni mtu wa namna gani aliyepotelewa.

Enzi za simu za waya, namba za Pemba zilikuwa chache kuliko misikiti yake. Mitambo ya Chake ilikuwa na matundu yake, na yakijaa yamejaa. Ukitaka simu ulijiandikisha, ukasubiri mtu ahame, afilisike, au afe. Daftari la wanaosubiri alilishika yeye. Watu walimwendea na mabungo, na pweza mkavu, na salamu za mashemeji ambao hakujua kama anao. Pweza alimla. Namba hakutoa.

"Namba si yako," alikuwa akimwambia kila aliyepewa, huku akimfungia waya. "Umekalishwa tu."

Na alikuwa akirudi kukagua kama umekaa vizuri. Kulikuwa na Mhindi mmoja wa duka la vitambaa aliyepata simu akaifunika kitambaa cha nakshi, akaiweka juu ya kabati ili wateja waione. Mgawa Namba alipita siku ya kwanza, ikawa kimya. Akapita ya pili. Siku ya tatu aliingia na bisibisi.

"Bwana mkubwa, kaa unywe chai kwanza," Mhindi akamwambia.

Alikaa, akanywa chai, akala na kashata mbili.

"Simu hii," akasema akipangusa vidole, "imevaa vizuri kuliko harusi. Lakini haisemi."

"Itasema! Mwezi ujao nina mzigo kutoka Bombei."

"Mkunga wa Machomane ana wazazi sita wiki hii. Weye una mzigo mwezi ujao." Akafungua skrubu. Mhindi akapandisha bei ya ukarimu: chai ikawa chakula cha mchana, chakula kikawa kitambaa cha suti. Mgawa Namba akashukuru kwa vyote, akaondoka na namba. Mimi ni mtu wa kupatana bei tangu nina meno ya utoto, na hadithi hii huwa inaniuma. Mtu anayekula kashata yako halafu asikupunguzie hata kidogo, huyo hupatani naye. Huyo unamsalimia tu.

Namba zilipomwishia kabisa alianza kuzioanisha nyumba. Nyumba mbili, waya mmoja, mlio tofauti: mmoja mrefu, mwingine wa kukatakata. Kasoro yake ni kwamba ukinyanyua mkono wa simu unamsikia jirani. Yeye aliona si kasoro. Aliwaweka kwenye waya mmoja mashemeji wawili waliokuwa hawasemezani tangu kugawana shamba la mikarafuu. Mwaka wa kwanza kila mmoja alikuwa akisikiliza ya mwenziwe na kununa. Mwaka wa pili mmoja wao alikuwa akimweleza daktari maumivu yake ya tumbo, na mwenziwe hakujizuia, akaropoka katikati ya mazungumzo: "Muongo huyo, daktari! Hajasema kuwa anakula pilipili mbichi!" Wakacheka wote watatu. Watu wanamhesabia Mgawa Namba thawabu ya suluhu hiyo. Nilipomuuliza alisema hakukusudia suluhu. Alikusudia tundu moja libaki.

Jambo lililomtia matatani ni eda.

Sheria ya kazini ilisema mteja akifa, namba irudi, igawiwe. Yeye alijiwekea sheria yake. Namba ya maiti haikupewa mtu mpaka zipite miezi minne na siku kumi, kama mke aliyefiwa. Hakumwomba ruhusa mkubwa yeyote. Aliandika tu kwenye daftari, mbele ya namba, neno moja: *Eda*. Ukimuuliza sababu, alikujibu kikazi: watu bado wanapiga, hawajapata habari, na haifai mtu apige kumtafuta nduguye apokelewe na muuza mkaa. Kwa hiyo miezi minne na siku kumi namba ile ilikuwa inaita pale mitamboni, kwake yeye, naye anapokea, anasema, "Inna lillahi. Mwezi uliopita, kwa ugonjwa wa moyo. Wewe nani mwenzangu?" Wazee wa Chake mpaka leo wanakwambia habari za misiba walizipata kwa Mgawa Namba.

Basi akafa mfanyabiashara mmoja wa karafuu mwenye namba nzuri, fupi, ya kukumbukika, na mkubwa mmoja wa ofisi akaitaka. Akaja mwenyewe.

"Namba ile iko wazi."

"Haiko wazi, mheshimiwa. Iko edani."

"Namba haiolewi, bwana!"

"Ndiyo. Lakini na weye huposi kaburini."

Alihamishiwa stoo, akahesabu nguzo na vikombe vya kauri vya waya kwa miaka miwili. Alizihesabu vizuri. Hilo nalo lilikuwa balaa, kwa sababu hesabu yake haikulingana na ya vitabu, wakaona ni nafuu kumrudisha mitamboni.

Msidhani alikuwa mtu laini. Mama wa kijana mmoja aliyefia baharini alimwendea siku ya mwisho ya eda ya namba ya mwanawe, akamwomba aongeze mwezi. Hataki kitu, anataka tu ajue bado inaita. Akamwambia, "Bi mkubwa, kuna watu arubaini na moja wanasubiri." Akaitoa siku ile ile. Alinisimulia hilo mwenyewe, mara ya kwanza kama mfano wa kazi safi. Mara ya pili aliyonisimulia, mwaka huu, hakusema mfano wa nini.

Kituko kikubwa kuliko vyote ni cha tarakimu mpya. Namba zilipokuwa hazitoshi, ilikuja amri kuwa kila namba iongezwe tarakimu mbele. Redio ilitangaza. Yeye hakuiamini redio, akanunua chaki, akaenda nyumba kwa nyumba kwa miguu, akawaandikia watu namba zao mpya milangoni. Wiki nzima. Lakini watu wa kwetu wanajua mlango ukiandikwa namba na mtu wa serikali maana yake ni nini: nyumba inavunjwa kupisha barabara. Aliyekuwa na maji akafuta kwa maji, aliyekuwa na rangi akapaka rangi. Mmoja alimwandikia sheha wa mtaa barua ya kudai fidia. Mgawa Namba alipozunguka mara ya pili akakuta milango yote ya Chake inang'ara kama Sikukuu, na hakuna hata mmoja anayejua namba yake.

"Tangu siku ile," aliniambia, "nikajua namba haiandikwi. Inahifadhiwa."

Ndiyo maana bintiye aliihifadhi. Alimsomesha tarakimu kumi za simu yake ya mkononi kama anavyomsomesha sura, kila siku baada ya alasiri, asonge mbele, arudi nyuma. Binti mwenyewe mtu mzima, ana miaka thelathini na kitu, ameachwa na mume, anacheka: "Baba, si imo ndani ya simu!" Naye: "Simu huibiwa. Soma."

Na simu ilichukuliwa kweli. Binti alipofika Arabuni, nyumba ya kwanza waliichukua simu yake, nyumba ya pili hawakumpa nyingine. Wakala aliyempeleka alishabadilisha laini mara mbili, nami nazijua zote mbili kwa sababu nimezipiga. Basi binti alikuwa akipata simu ya kuazima kwa mpishi au dereva, mara moja kwa miezi miwili, pengine mitatu, na anapiga ile namba moja aliyonayo kichwani. Simu hizo za kuazima ukizipigia wewe, zinapokelewa kwa Kiarabu na kukatwa. Ndipo ilipojulikana kasoro kubwa ya Mgawa Namba: hajui kuzungumza na simu. Mtu aliyeishi na simu maisha yake yote! Alishika simu mbali na sikio, akapiga kelele kama anavuka mkondo, na alikuwa na haraka ya kuuachia waya, waya wenyewe haupo.

"Mzima?"

"Mzima baba. Baba, huku mimi..."

"Wasali?"

"Nasali. Baba, nataka nikwambie..."

"Alhamdulillahi. Haya, usimalize vocha ya watu." Akakata.

Nilikuwapo mara mbili. Mara zote mbili nilimwambia, "Mzee, mwache aseme." Akanitazama kama niliyemwambia aache bomba la maji wazi.

Sasa nije kwenye kosa.

Ilipotoka amri ya kusajili laini kwa alama za vidole, Mgawa Namba alikuja kwangu wa kwanza kabisa, kabla sijafungua vizuri. Nikamwekea kidole gumba kwenye mashine, mashine ikakataa. Shahada, ikakataa. Vidole kumi, halafu nikavirudia vyote kumi. Mara ishirini. Vilikuwa vimelika, laini kama kokoto za mtoni, kwa nyaya kwanza na kwa kuchambua karafuu baada ya kustaafu. Wazee wengi wa shamba wako hivyo. Bintiye alikuwa bado hajasafiri, alikuwa amesimama nyuma yake na kikapu cha soko. Akaweka gumba lake akiwa anacheka, mashine ikasema tii.

"Namba imesajiliwa kwa bintiyo, mzee," nikamwambia.

"Si ndiye mwenyewe?" akasema. "Kuna tofauti gani?"

Mimi nilijua iko tofauti. Nilinyamaza kwa sababu foleni ilikuwa inafika kwa muuza samaki.

Mwaka jana mguu wake uliharibika akapelekwa Unguja kukatwa vidole vya mguu, na akawa wa kulala hospitali muda mrefu. Aliogopa simu itapotea wodini. Aliniletea kibandani, imefungwa ndani ya leso.

"Binti akipiga, pokea. Mwambie nipo, narudi. Iwe na chaji daima. Na nisikilize, Sita Sita Tatu: usipige nayo. Hata mara moja. Isije ikawa inatumika, akapiga yeye asipate."

Nikamwitikia. Nikaiweka juu ya rafu, waya wa chaji haujatoka, na kila Jumatatu nikaitilia vocha ili iwe hai. Jumatatu kumi na tisa. Nimezihesabu kwenye kalenda nikitoka juu kuja chini, halafu kutoka chini kwenda juu. Katika muda huo wote binti hakupiga. Mimi, ninayeuza laini, niliamini laini ikiwa na vocha haifi. Yeye, aliyegawa namba, aliamini namba ikiachwa wazi ndiyo imehifadhiwa. Siku hizi ni kinyume. Namba isiyopiga, isiyotuma hata neno, kampuni inahesabu mwenyewe hayupo, inaifunga, inaiweka pembeni kidogo, inampa mtu mwingine. Watu ni wengi, namba hazitoshi. Jumatatu ya ishirini vocha ilikataa kuingia.

Alirudi na mkongojo. Tulikwenda wote ofisi ya kampuni. Dada wa kaunta alikuwa mpole, na hilo ndilo lililotumaliza, maana mtu mkali unaweza kupatana naye.

"Inawezekana kurudishwa, babu, bado haijagawiwa. Aje mwenye laini mwenyewe, aweke kidole."

"Mwenye laini yuko Arabuni."

"Basi mpigie simu aje."

Mgawa Namba akanitazama. Nami nikatazama sakafu.

"Hana namba nyingine anayoijua ila hiyo," akasema taratibu. "Kuipata hiyo, aje yeye. Kuja yeye, aipate hiyo."

Dada akatazama skrini yake, akabonyeza, akabonyeza tena. "Pole sana babu."

"Kwenu inapumzika muda gani kabla ya kugawiwa?"

"Mfumo ndio unajua."

"Mfumo ni nani? Nimwone."

"Si mtu, babu. Mfumo tu."

Nikaanza kazi yangu. Nikaomba aiwekee alama, aicheleweshe mwezi, aiandike ina hitilafu, lolote. Nilikuwa nimeshafika kwenye kumuuliza mkuu wake anakaa mtaa gani, Mgawa Namba akaniwekea mkono begani.

"Mwache. Wana haki. Imelala. Ningekuwa miye ningeichukua mapema zaidi."

Tulizunguka kwingine pia: kwa wanaoshughulikia wasafiri, kwa sheha, kwa jamaa mwenye jamaa Maskati. Kila pahala waliandika jina la binti, na kila pahala waliuliza namba yake ya simu.

Mara ya mwisho kukaa naye kwa kitu cha maana ni mwezi uliopita, Ijumaa, baada ya sala. Nilikuwa nikiipiga ile namba kila siku, na siku zote ilikuwa haipatikani. Siku hiyo iliita. Nilimkimbilia barazani kwake, nikaweka sauti ya nje. Akapokea mwanamke, sauti ya bara, nyuma yake kelele za soko.

"Haloo, nani mwenzangu?"

"Unazungumza na Pemba, dada. Namba hii zamani ilikuwa ya mzee wetu huku..."

"Jamani na nyie! Watu wenu wananipigia, wananiita mzee, wananiuliza mguu. Mimi nauza mchele Morogoro, sina mguu wa kuulizwa!"

Mgawa Namba akasogea. Hakupiga kelele. Ni mara ya kwanza kumsikia akisema na simu kwa sauti ya mtu.

"Mwanangu, hakupiga mwanamke? Kutoka nje, namba ndefu?"

Kelele za soko zikapungua, kama aliyesogea pembeni.

"Shikamoo baba. Alipiga, wiki mbili nyuma. Nikamwambia umekosea namba. Akasema hajakosea, akaitaja yote, moja moja. Akauliza, 'Baba yangu amekufa?' Mimi nikamwambia dada, simjui baba yako. Akaanza kulia, nikakata. Nilikuwa na wateja, baba, na namba yake imeshafutika. Nisamehe."

"Sauti yake nzima?"

"Nzima. Ya kulia, lakini nzima."

"Akipiga tena, mwambie niko hai. Na umpe namba hii ninayokupigia. Kalamu unayo?"

"Ninayo, taja." Mzee akataja, yule akarudia. Nikahesabu tarakimu kwa vidole. Tisa. Akataja tena. Kumi.

"Umeandika wapi?"

"Kwenye kiroba cha mchele hapa."

"Mchele ukisha?"

"Nitaandika pengine, baba. Lakini nikwambie kweli, laini hii nilikuwa naitupa. Usumbufu."

Aliyewanyang'anya nusu ya Chake simu zao kwa bisibisi alikuwa anamwomba mwanamke asiyemjua, kwa upole ambao hakuwahi kumpa bintiye. "Usiitupe, mwanangu. Itumie. Pigia wateja, pigia mashoga zako, piga kutwa, usiiache ikalala. Ni yako. Miye siitaki tena. Nakuomba tu uwe nayo."

"Haya baba, nitaona. Kuna mteja." Akakata.

Mgawa Namba akakumbuka kuwa hakumtajia jina la binti, wala yeye mwenyewe ni nani, na kwamba watu wanaopiga kutoka nje ni wengi. Akaniambia nirudie kupiga upesi, kabla yule mwanamke hajaiweka simu mbali. Nikapiga. Nikasikiliza, nikamwekea sikioni na yeye asikie: namba unayopiga inatumika.

"Ni mteja wa mchele," nikasema, maana sikutaka ajenge kitu juu ya hilo. Nikaweka kidole nirudie.

Akaifunika simu kwa kiganja.

"Usipige," akasema. "Pengine ni yeye. Tusimzibie."

Tukaiweka katikati yetu juu ya baraza. Kila niliponyanyua mkono alinitazama, nikaurudisha, mpaka ikaadhiniwa alasiri.